Wapagazi

Desemba, Isevya. Beseni la maembe limeachwa wazi
na viinzi vyenye macho mekundu vinalizunguka
kama watu waliofika msibani bila kumjua marehemu.
Mmoja nimempasua kwa sindano mbili za cherehani.
Sasa, chini ya hadubini ya shule
(ile yenye ufa, niliyoisainia kwa mkuu),
naliona yai ambalo halijawa yai.

Hadubini yangu inaishia hapo.
Kinachofuata nimekisoma tu, nikakiamini
kama nilivyoziamini habari za Mihayo, babu wa babu yangu,
aliyetoka hapa na pembe begani kwenda pwani
na hakubaki hata mmoja wa kumshuhudia.

Seli dada kumi na tano huandika ujumbe
kwa ajili ya ya kumi na sita. Zitakufa; ndiyo kazi yao.
Dainini hujitwika ujumbe ule, hana bega, ana miguu miwili,
hukanyaga uzi, hupenya tundu la pete.
Na juu ya mzigo (nilicheka peke yangu)
amelala mpagazi mwingine, kinesini,
kajikunja, hachangii hatua.
Wakishaingia ndani, dainini huishiwa zamu.
Mvivu huamka.

Naye haendi moja kwa moja. Mbele, pembeni, anarudi,
kama mgeni anayetafuta choo gizani.
Ukihesabu safari mia, zinazoelekea nyuma ya yai
huzizidi nyingine kwa chache.
Chache hizo ndizo tumbo la nzi.
Chache hizo ndizo wajukuu wake.

Njiani mzigo haufunguliwi.
Ukifunguliwa upande wa mbele, buu hukosa kichwa,
huota mkia huku na mkia kule.

Nyamizi wa kidato cha nne aliniuliza jana:
"Mwalimu, nani kamwambia aelekee nyuma?"
Nikamjibu, hakuna. Nyuzi zimeinama kidogo upande ule.
Kidogo tu?
Kidogo tu.

Mihayo, kwa Kinyamwezi chetu, ni maneno.
Sijui alipinda mara ngapi kabla ya kurudi,
alikwepa nini pale Ugogo, nani alimbeba akiugua.
Najua aliutua mzigo wake mahali fulani,
kwa sababu mama anapiga kelele jikoni
kwamba nani kaacha maembe wazi,
na sauti ile, wanasema, ni ya ukoo.