Sanduku la Kufuli Tatu

Alhamisi, saa kumi, nyuma ya kinu cha kahawa hapa Kisinga,
tunaketi kwenye mabenchi ya kanisa tuliyoazima,
watu ishirini na saba, sanduku moja la bati,
kufuli tatu. Mimi ninashika ufunguo wa kati.

Kabugho hufika wa kwanza.
Hajaketi, keshasema: mvua hii si ya kupandia.
Bei ya kahawa ikipanda, imepanda ili ishuke.
Mwanawe akifaulu, huuliza nani atalipa ada.
Hata chai ya sukari huionja polepole,
kama anayetafuta kosa jikoni kwa mkwewe.

Muhindo hufika wa mwisho, viatu mkononi, matope magotini,
akicheka kabla hatujajua kinachochekesha.
"Mwaka huu," husema, nasi ndivyo tunavyomwita,
Mwaka Huu.
Mwaka huu vanila. Mwaka juzi walikuwa sungura.
Mwaka jana kuku mia wa kizungu,
wakafa wote usiku mmoja,
naye asubuhi akasema: basi, mbolea tunayo.

Kabla ya uchaguzi lilikuja gari lenye kipaza sauti.
Mgombea akagawa chumvi na miche ya sabuni, akaahidi daraja.
Muhindo alipiga makofi hadi akapanda juu ya benchi;
jioni akaenda kupima kwa hatua pale lori litakapogeuzia.
Kabugho aliinusa sabuni yake.
"Hii itaisha Jumapili. Daraja tumelisikia
tangu Biira yuko tumboni, na Biira sasa ananyonyesha."
Lakini siku ya kura alifika kituoni kabla ya karani,
na kigoda chake, na kiazi cha kuchoma kwenye kitambaa.
Nikamuuliza: kwa nini?
Akanitazama kama niliyemuuliza kwa nini anafagia.
"Vumbi litarudi," akasema. "Kwa hiyo nilale nalo?"

Daftari hili nimelishika miaka tisa.
Ukurasa wa Kabugho: mihuri mitano kila Alhamisi,
mitano, mitano, hata wiki aliyomzika mumewe.
Mkopo: hakuna. Hakuna. Hakuna.
Ukurasa wa Muhindo: muhuri mmoja, wiki nyingine hamna,
na upande wa mikopo wino umefurika hadi pambizoni.

Asiyeiamini kesho ndiye anayeiwekea akiba;
anayeiamini ameshaila.
Nilitaka kuliandika hilo nyuma ya jalada, nikajiona mwerevu,
kisha nikakumbuka kwamba sanduku halina mlango mwingine.
Kila shilingi ya ndoto za Muhindo
ililala kwanza ndani ya hofu ya mama huyu,
na yale mabati aliyoezekea Kabugho kwa gawio la Desemba,
anayolalamikia kelele zake mvua ikinyesha,
ni riba ya kuku waliokufa.

Leo Muhindo ameomba tena. Laki nne, za miche na nguzo.
Anatakiwa mdhamini.
Mabenchi kimya. Mtu anakohoa. Kinu kimezimwa,
maganda ya kahawa bado yanaelea hewani.
"Zitaibwa," Kabugho anasema.
"Vanila huibwa ingali mbichi. Nani asiyejua?"
Muhindo, kwa mara ya kwanza, hana jibu.
"Kwa hiyo utafute mbwa," mama anaendelea,
huku ameinuka, huku dole gumba limeshaingia kwenye wino,
"mbwa mkali, si yule wako anayechekea wageni."

Nafunga. Ya kwanza, ya kati, ya tatu.
Sanduku leo ni jepesi; nalibeba kwa mkono mmoja.
Mvua imeanza, ile isiyo ya kupandia.
Kule mtoni, pasipo na daraja,
Muhindo ameshaingia majini, suruali imekunjwa, anaimba,
na nyuma yake Kabugho anapima kina kwa fimbo,
anamfokea ashike kushoto, kuna shimo.