Kumi Nukta Mbili

Tone moja, ncha ya kidole,
muuguzi Zuwena akalitia mashineni.
"Kumi nukta mbili, Mize. Si pabaya,
lakini si pa kuhamia."
Nikacheka. Mimi, niliyechambua karafuu hadi alfajiri,
niambiwe damu haitoshi?

Akanivuta ukope wa chini, akachungulia weupe.
"Na kitu gani unakila ambacho si chakula?"

Nikatazama mlango.
Nimwambieje juu ya ukuta wa jiko letu Kiuyu,
mvua ikiurowesha unavyoniita
kwa jina langu la utotoni;
kipande nilichokifunga pembeni mwa kanga
pamoja na nauli;
tundu ambalo Bi Chumu, mama mkwe,
huwasingizia mchwa?
Huko Bara udongo huo huuzwa, na huitwa pemba.
Basi nilikuwa nakila kisiwa changu, punje kwa punje.

Vidonge thelathini kwenye bahasha ya khaki.
Kimoja kwa siku, kwa maji na ndimu,
chai ikae mbali saa mbili.
Saa mbili! Angeniambia nimwache Shaame
ningeuliza tu lini.

Siku ya nne tumbo likagoma,
choo cheusi kama masizi ya chungu.
Nikarudi Konde na kesi yangu. Zuwena hakushtuka:
"Ndiyo kazi ya chuma hiyo. Meza ukishakula. Endelea."

Nikaendelea. Mchunga, mchungu kama deni;
matembele; dagaa na vichwa vyao;
kombe alizookota Asaa maji yakipwa.
Ila maini, Ijumaa kwa Ijumaa,
yalijua njia: kwa Shaame, kisha kwa wanangu wa kiume.

Ijumaa ile Bi Chumu akaisukuma sahani,
ikampita mwanawe, ikasimama kwangu.
Shaame akafungua kinywa. Akakifunga.
"Kula," akasema mkwe wangu, macho ukutani.
"Hilo tundu nililianza mimi,
nina mimba ya huyu."

Leo mashine imesema kumi na moja nukta nne.
Nimekanda udongo, nimelikandika tundu,
nikanawa mikono mara mbili, hadi kwenye kucha.
Usiku imenyesha.
Ukuta umeniita.
Nimeitika, nikageukia upande wa pili.