Kitabu cha Hitilafu

Nimekufungua na kukufunga miaka ishirini na saba,
Mia Nne Kumi na Saba, mweupe, mwembamba
kama sindano ya kushonea magunia,
mabawa mafupi hata njiwa angekuonea huruma.
Baba yangu, Eusebio Arredondo, alikupaka grisi
kabla mimi sijaota meno.
Akaniachia spana zake na maumivu yake ya mgongo.

Hujawahi kwenda vitani.
Unabeba mtoto wa watu mbele, mwalimu nyuma,
na kati yao hofu, isiyo na kiti wala mkanda.

Alfajiri, kabla jua la Texas halijaigeuza lami kuwa kaango,
nahesabu pini za usalama zenye utepe mwekundu.
Nane. Nahesabu tena.
Baba alisema: pini ikisahaulika, kiti hakisamehi.

Wanakuja na kofia mikononi, wamenyoa vibaya.
Mmoja anakugusa pua mara tatu akidhani simwoni.
Huko kwao wamelelewa kwamba haraka haina baraka;
huku tunawafundisha kuwa pole ndiyo inayoua:
ukilegeza mwendo kwenye kona ya mwisho, karibu na ardhi,
mabawa haya hayakudai, hayakudaki.

Na siku ya kuipita sauti?
Hakuna kitu. Wote hurudi na jibu hilo,
kama waliopewa zawadi wakakuta boksi tupu.
Mshale uliruka kidogo, ukatulia. Chai isingemwagika.
Kishindo huwaangukia wengine.
Mzee Kneupper anapiga simu kambini:
mbuzi wake watatu wameharibu mimba,
kioo cha jikoni kimepata ufa, tena kilekile cha mwaka jana.
Anayeipita sauti haisikii.
Hilo halimo kwenye mtihani.

Luteni Ostrander alikuwa mrefu, tukimkunja ili aingie.
Baada ya safari yake ya kwanza aliandika, kwa herufi za shule:
*Kuna kinachogongagonga nyuma ya kiti cha mbele.
Pengine ni moyo wangu.*

Kitabu cha hitilafu hakipokei utani.
Kila neno lazima lijibiwe, litiwe sahihi.
Nililala chali saa moja na nusu, tochi mdomoni,
nikakuta skrubu imelegea, ndogo kama punje ya mtama.
Nikaikaza. Nikaandika: *Imekaguliwa. Imerekebishwa. D. Arredondo.*
Aliposoma alicheka,
akanimegea chapati yake ya mahindi yenye mayai.

Alihitimu. Akapewa ndege nyingine, yenye meno.

Februari mpishi wa kantini alinishika kiwiko.
Ilikuwa juu ya bahari fulani; jina lake lilitajwa mara moja tu,
kisha hata redio ikaona aibu.

Usiku ule nilikwenda stoo nikafukua vitabu vya zamani.
Ukurasa ungali na alama ya kidole changu, ya mafuta.
*Imerekebishwa.*
Skrubu, ndiyo.
Ule mwingine hakuna aliyewahi kunipa spana yake.

Mwakani wanakustaafisha.
Inakuja ndege mpya, inayojitangazia yenyewe inapoumwa,
haihitaji kalamu ya mtu.
Wewe utasimikwa juu ya nguzo pale langoni,
watoto wa chekechea wapigwe picha chini ya tumbo lako,
na kibao kitasema hukuua mtu.
Nitapita hapo kila siku nikienda kununua mkate.
Sitabishana na kibao.

Lakini leo ni Jumanne, na una safari tatu.
Luteni Tsosie amepanda ngazi, vidole vyake baridi kwenye joto hili.
Ninapochomoa pini ya mwisho ananiuliza,
kwa sauti ya chini, mwalimu asisikie:
"Inasikikaje, ukishaipita?"

Nikamwonyesha pini zote kiganjani, nane.
"Haisikiki," nikasema. "Waulize mbuzi."

Hakuelewa. Akafunga kioo.