Mtahini wa Nje

Fomu imerudi. Jina lake wamelizungushia duara jekundu,
na pembeni, kwa mwandiko wa ofisi:
"Shahada?"

Naanza mbali kidogo, mnivumilie.

Mwaka juzi tulipanda Umalila na pampu.
Wahandisi watupu, mimi mwalimu wao mbele,
buti mpya, kipimo cha maji, ramani ya kompyuta.
Siku nne tukamaliza. Diwani akafungua bomba,
watoto wakashangilia, tukapiga picha,
tukateremka Mbeya mjini na alama zetu za A.
Masika moja na kiangazi kimoja baadaye
pampu ile ilikuwa imefungiwa mbuzi.

Mbuzi mzuri, lakini.

Mwaka huu nikabisha hodi kwa majirani wa korido,
watu niliosalimiana nao ngazini miaka kumi na mmoja
bila kujua wanafundisha nini:
nipeni mmoja wa uuguzi, mmoja wa sheria,
nipeni hata yule wa Kiswahili.
"Wa Kiswahili akafanye nini kwenye maji?"
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na mbuzi kichwani.

Tulilala darasani, shule ya msingi, mwezi wa sita,
baridi ile inayoingia mpaka kwenye meno.
Mwanahija, mtoto wa Pangani, alivaa soksi mikononi.
Alfajiri Mama Nzowa akabwaga ndoo mlangoni.
Tukatoa madodoso. Akayatazama kama mtu
anayetazama viazi vya mwaka jana.
"Katekeni kwanza. Maswali hayaozi."

Njia inashuka kati ya mashamba ya pareto,
utelezi, kisha jiwe, kisha utelezi tena.
Kyando, anayeongoza darasa kwa hesabu za mikondo,
alifika juu na nusu ndoo;
nusu nyingine alikuwa ameivaa.

Tusubilege alikuja na orodha ya magonjwa ya tumbo.
Wanawake wakamwonyesha shingo.
Mligo wa sheria alikaa kwenye gogo siku mbili, anasikiliza tu,
akarudi na habari: pampu yetu imesimama
juu ya ugomvi wa ndugu wawili.
Ukinywa pale, umechagua upande.
Kwa hiyo hakuna anayekunywa. Mbuzi hana upande.

Na Mwanahija, wa "akafanye nini kwenye maji,"
aliuliza jina la bonde, akaomba litamkwe polepole,
mara tatu, mdomo ukitoa mvuke.
Ramani yetu ilikuwa imedondosha herufi moja.
Ukiirudisha, walisema wazee wa kike wakicheka,
jina linasema: maji huhama hapa.
Huhama. Kila kiangazi. Hatua mia mbili, upande wa mianzi.
Kilima kilikuwa kimetuandikia,
nasi tukakosea kunakili.

Usiku Kyando hakusema neno.
Nilisikia kifutio kwenye karatasi, muda mrefu.

Sitaki kudanganya: maji bado yanabebwa.
Ndugu wale hawajasalimiana.
Mchoro mpya umefika katikati, una alama za kuuliza
nyingi kuliko vipimo,
na mbili ni za Mama Nzowa, kwa mkaa.

Jioni ya mwisho nilimwomba awapime vijana.
Hakusita.
"Huyu anasikia. Huyu anaandika kabla sijamaliza.
Huyu mpe nusu, nusu ameimwaga njiani."
Kisha akanigeukia, anamenya kiazi:
"Na wewe, mwalimu, unarudia mwaka."

Sasa fomu iko mezani tangu saa nne, chai imepoa.
Shahada?
Naandika: miaka arobaini ya mteremko ule.
Nafuta. Hawana kisanduku cha mteremko.
Naandika: ndoo. Nafuta.
Mwishowe naandika jina la lile bonde,
taratibu,
kwa herufi zake zote.