Miadi ya Saa Tatu na Robo

Gombosuren amevaa miwani yangu ili awe daktari.
Amekaa upande wa pili wa meza, kalipa jiko mgongo,
kijiko cha chai mkononi badala ya kalamu.
"Mgonjwa anayefuata!" anaita,
nami natoka hadi mlangoni, penye viatu na baridi,
nabisha hodi nyumbani kwangu mwenyewe.

Kesho Ulaanbaatar. Barua ya rufaa imengoja miezi mitano,
na daktari bingwa, nimeambiwa,
ana dakika kumi na mbili kwa kila ini.

"Ulianza kuumwa lini?"
Siumwi. Ndiyo shida ya huyu mpangaji:
halipi kodi, hapigi kelele,
anabomoa ukuta kwa kucha, polepole, usiku.
"Usimwambie hivyo," anasema mume wangu.
"Mwambie tarehe."

Basi naandika tarehe, nyuma ya risiti ya makaa.
Mwaka wa kipimo cha kwanza. Mwaka walioongeza herufi,
wakasema B yangu imembeba D mgongoni.
Vidonge vya asubuhi, majina yao marefu.
Miguu inayovimba jioni, alama ya soksi
inayobaki hata nikishalala.
Kuwashwa viganja na nyayo
hadi najikuna kwa brashi ya viatu.
Hilo silisemi kwa mdomo. Hilo naliandika.

"Pombe?"
Situmii.
Ananitazama juu ya miwani,
miwani yangu, macho yake.
"Na maziwa ya farasi yaliyochachuka, Julai, kwa dada yako?"
Bakuli mbili.
Ananyamaza kama daktari wa kweli.
Nafuta mbili, naandika tatu, karatasi inatoboka.
Mficha maradhi, kilio humfichua;
mimi nimefichuliwa na kijiko cha chai.

"Uliupatia wapi?"
Hawaulizi tena hilo, namwambia.
Lakini nimeshafika: ukumbi wa shule ya bweni, Bulgan,
tumepangwa kwa kimo, mikono ya mashati imekunjwa,
na nesi anayenukia sabuni
anachovya sindano ile ile kwenye sufuria inayochemka,
au inayokaribia kuchemka; kuni zilikuwa haba wiki ile.
Alinipa peremende. Simchukii.
Nimejaribu.

Maswali yamefika saba.
La tano ndilo refu: hili kovu linaweza kurudi nyuma,
au linajua njia moja tu?
Maneno ya kukata maini nimeyasikia, nimeyasema pia,
na tukanywa chai baadaye.
Naogopa neno litakalolipima hili,
lilipe namba, liliweke kwenye foleni.

Kuna swali jingine. Liko Erdenet,
lina miaka thelathini na moja, linafundisha hesabu,
linacheka hadi majirani wanagonga ukuta.
Nilimzaa Nomintuya kabla sijajua nina nini.
Hajapimwa. Anasema yuko mzima kama jiwe.
Nakifunika kizibo cha kalamu.
"Umemaliza?" anauliza Gombosuren.
Nimemaliza.

Saa nne usiku ndiyo mwisho wa kula,
tumbo liwe tupu kwa ajili ya picha.
Naye anaosha bakuli lake, analifunika kifudifudi.
Wewe hupigwi picha, namwambia.
"Sina njaa," anasema mtu
ambaye sijawahi kumsikia akisema hivyo.

Treni inaondoka gizani. Dirisha limeganda,
mwanafunzi jirani yangu amelala mdomo wazi.
Nakunjua risiti nipitie tena.
Moja. Mbili. Miguu. Bakuli tatu.
Saba.
Na chini ya saba, kwa penseli,
herufi kubwa za mtu aliyezoea kuandika kwenye magunia:

*8. Na mtoto?*

Natoa kalamu, nafuata mistari yake kwa wino.
Behewa linatikisika, N inachomoka nje, M inapinda,
lakini linasomeka.