Mshenga wa Rangi

Leo tumeisafisha meza ya Halszka Wrzosek,
ghorofa ya tatu, dirisha la kaskazini, jijini Łódź.
Miaka thelathini na minne imeenea katika makatoni manne:
pipeti, daftari zenye madoa ya chai,
na kikopo cha paladi, unga mweusi kama masizi,
ambao wakati fulani bei yake ilishinda ya gari langu.

Nilipokuwa mgeni humu nilimuuliza
kichocheo ni nini hasa.
Hakuandika mlinganyo ubaoni. Alisema: Ni mshenga.
Zamani kwetu alikwenda na chupa ya vodka ndani ya koti,
akabisha nyumba hii, akabisha na ile,
waliokuwa hawatazamani wakatazamana,
na posa ilipopokewa alivaa viatu vyake
akarudi kwake vile vile alivyokuja.
Haolewi yeye. Kesho ana nyumba nyingine.

Mama yake, Pelagia, alitia nguo rangi zamu ya usiku.
Mikono buluu hadi viwikoni, Krismasi na Pasaka;
altareni padri aliitazama mikono kwanza, kisha uso.
Mto wa mji walikuwa wameufukia chini ya barabara
na kiwanda kikatapikia humo humo.
Watoto waliinama kwenye tundu la mfereji:
leo mwekundu! Leo kijani!
Halszka alikuwa mmoja wao, magoti yamechubuka.

Ndiyo maana aliiacha paladi
na mitungi ya hidrojeni inayofoka,
akafuata kimeng'enya cha uyoga ulao magogo:
kina atomu nne za shaba kifuani,
nacho chenyewe, ukikisafisha vyema, ni cha buluu.
Kazi yake ni kuinyang'anya rangi rangi yake.
Lakini kilizoea ubaridi wa msitu na uchachu wa majani,
na maji ya kiwandani ni moto, ni makali kama magadi.

Basi, badilisha kiungo kimoja. Otesha. Pima. Tupa.
Sahani za vishimo tisini na sita, sahani juu ya sahani.
Kizazi cha kwanza kilikata roho kwenye nyuzi hamsini.
Cha pili kilistahimili joto, kikasahau kazi.
Cha tano kilichapa kazi Jumatano,
Alhamisi kikagoma, na hadi leo hatujui kwa nini.
Wafadhili waliandika barua fupi fupi.
Mume wake, Zenon, alijifunza kupika.

Kizazi cha kumi na moja, Februari, saa nane usiku,
safu ya nne, kishimo cha saba:
maji maangavu, ungesoma gazeti ng'ambo yake.
Hakupiga kelele. Alirudia mara tatu,
kisha akaketi sakafuni na koti lake jeupe.

Kiwanda kilikuwa kimefungwa miaka mitatu.
Siku hizi kuna sinema mle, na duka la viatu.
Mto hauna tena wa kuutapikia.

Kimeng'enya kikanunuliwa na watu wa suruali za jinzi,
kichubue buluu mapajani na magotini,
mpya ionekane kuukuu, iuzwe ghali zaidi.
Alimpelekea mama yake moja.
Pelagia aliigeuza, akaisugua kwa kidole,
akaitazama dirishani kama mtu anayekagua noti.
"Mimi kwa weupe kama huu," alisema,
"walinikata mshahara wa juma zima."
Wakacheka wote wawili mpaka supu ikaungua.

Jioni hii amelivaa koti lake, ameacha funguo.
Kidole gumba cha kulia hakinyooki tena,
kimejikunja kwa kubonyeza pipeti.
Nilimsaidia kufunga vifungo.
Kwenye ngazi aliniuliza kama friji ya pili
imeshatengenezwa.
Nikamwambia bado.