Karakana ya Masikio

Kabla jeshi halijatujua, tulikuwa mafundi wa masikio.
Watatu: Virve na bisibisi nyembamba kama unywele,
Ülo aliyepiga mbizi hadi mapafu yakamkatalia,
na mimi, Kaupo, mwandika risiti.
Haapsalu, nyuma ya stesheni isiyopokea treni tena,
dirisha moja likitazama ghuba,
nayo ghuba, tangu Desemba, ikitazama juu kwa jicho la barafu.

Wazee walituletea vifaa vyao katika vikopo vya peremende.
Tulitoa nta, tukabadili betri,
tukawarudishia mlio wa birika na jina la mjukuu.
Faida? Ya kununulia kuni.

Kisha likatoka tangazo la Jeshi la Majini:
inatafutwa kampuni ndogo, watu wasiozidi kumi,
yenye wazo la kuyasikia mabomu ya zamani
yaliyotegwa na babu za watu katika vita viwili,
ambayo hakuna aliyeyaambia kwamba vita viliisha.
Nikajaza fomu. Kurasa arobaini na moja.
Palipoulizwa idara ya utafiti, nikaandika: meza ya dirishani.
Palipoulizwa hatari kuu, Ülo akaninong'oneza: kodi ya Machi.

Wakatupa fedha za miezi sita.
Tukaunda samaki wa bati, urefu wa mkono,
masikio kumi na sita ubavuni.
Alisikia vizuri mno. Alijisikia mwenyewe:
injini yake, rafadha yake, kila skrubu iliyolegea,
angelipita bomu kama mlevi apitavyo mlango wa kwake.
Mwezi wa tatu. Wa tano.
Fedha ziliyeyuka kabla ya barafu.

Siku aliyokuja Luteni Raudsik kukagua,
swali moja mdomoni, "Mmefika wapi?",
mlango ukafunguka bila hodi.
Bibi Salme, miaka themanini na minane,
sikio la kushoto likipiga mbinja.
Virve akamwacha luteni na kalamu yake hewani.
Akapiga magoti, akakifungua kidude cha ukubwa wa haragwe,
akakifunza upya: mlio huu ni wako, uondoe,
kitakachobaki ndiyo dunia.
Mbinja ikakatika.
"Nani anaburuza viatu?" Salme akauliza.
Alikuwa luteni.
Na Virve hakuinuka. Magotini vilevile,
akimtazama samaki wetu mezani
kama mtu aliyesaka miwani, kumbe ameivaa.

Wiki tatu tulilala karakanani.
Hesabu zake sitazieleza, sizijui.
Najua Ülo alivyokoroma juu ya maboksi.
Najua niliuza gari.

Aprili barafu ilipasuka, tukamtia samaki majini, nje ya visiwa.
Alituletea habari za vitu vitatu.
Cha kwanza, jiwe.
Cha pili, debe la maziwa, debe tupu,
na mara hii halikuvuma, lilivumishwa. Tulicheka hadi Ülo akakohoa.
Cha tatu, luteni alikitazama kwenye skrini,
akaifunika kompyuta kwa kofia yake, akasema asante.
Hatukuambiwa. Mkataba, kifungu cha tisa.

Usiku mwingine huwaza: kutegua na kutega,
kati yake pana irabu moja tu.
Sikio tulilouza kwa kazi ya kwanza,
nani atalichukua kwa ya pili?
Nilimuuliza Virve. Akaendelea kukaza skrubu,
ile ile, hata ilipokwisha kukaza.

Jumamosi moja ya Juni, madirisha ya mji mzima yakatikisika.
Mbwa wakabweka, kisha wakaona haya.
Kimya kingi, husemwa, kina mshindo mkuu;
hiki kilikuwa cha miaka themanini.
Hatukutazamana.

Jumatatu Salme akaja na kikopo chake cha peremende.
"Nilikuwa nimekivua, nimelala," akasema.
"Ule niliusikia kwa miguu."
Alitaka betri mbili.
Akahesabu sarafu, moja moja, mezani,
nami nikamwandikia risiti.